Sinia Jepesi

"Kwa hiyo unampelekea mama yangu pweza wa kopo," alisema Umi. "Juani. Unavusha pweza kumpeleka Juani, wanakovuliwa."

"Ni wa Ureno," alisema Ilyas.

"Hata angekuwa wa Makka."

"Punguza sauti basi, Umi. Watu wanatutazama."

"Watutazame. Wamekuja kununua vitu, wakipata na sinema ni riziki yao."

Toroli lilikuwa katikati yao, Umi kalishika upande huu na Ilyas upande ule, na hakuna aliyekuwa tayari kuliachia. Ndani yake mlikuwa na makopo ya pweza, bonge la jibini lenye ganda jekundu, tende zilizopangwa kwenye sanduku kama vito, bata mzinga aliyegandishwa akawa mgumu kama jiwe, chupa za zeituni, lozi zilizomenywa, na kichupa cha zafarani ambacho Ilyas alikuwa amekilaza pembeni peke yake kisivunjike. Chini kabisa, bata mzinga alikuwa ameilalia pakiti ya biskuti zisizo na sukari. Biskuti hizo zilikuwa za mama yake Ilyas, na ndizo pekee zilizoagizwa.

Walipoingia humo walikuwa na furaha. Umi alikuja Dar es Salaam kununua jiko la kuokea. Mikate yake ilikuwa inaliwa kwenye nyumba za wageni kule Utende, ng'ambo ya Juani, na jiko la zamani lilikuwa limeanza kuunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Ilyas alimleta mama yake, Bi Sihaba, kuonyesha goti kwa daktari. Boti moja iliwavusha wote watatu, na kwa kuwa harusi ilikuwa imekaribia, Bi Sihaba aliona afadhali awe nao na kuwaona kuliko akae mbali na kukisia. Hivyo walipopita mbele ya duka hili la vyakula, kubwa kuliko soko zima la Kilindoni, na Umi akasema angependa kuona aina za unga, Bi Sihaba alichagua meza ya kahawa karibu na mlango, akanyoosha mguu wake juu ya kiti cha pili, akasema, "Nendeni. Mniletee biskuti. Na msipotee, nawaona."

Aliwaona mpaka kwenye mikate tu. Baada ya hapo rafu zilikuwa ndefu.

Umi alitembea kama mtoto siku ya Idi. Kulikuwa na unga wa ngano wa kila namna, mwembamba, mzito, wa rangi ya udongo. Kulikuwa na chumvi nyeusi na chumvi ya waridi. Kulikuwa na asali iliyokuwa bado kwenye masega yake. Alinusa, akagonga ganda la mkate kwa kucha asikie kama umeiva ndani, akamuuliza mwokaji wa pale kwa nini anaweka maji kwenye jiko. Kila alipogeuka alimkuta Ilyas hatazami rafu, anamtazama yeye, na macho yale yalikuwa yanamtia joto shingoni ingawa duka lote lilikuwa na baridi ya friji. Alijisemea moyoni kwamba mwanamume anayeweza kusimama hivyo akimsubiri mkewe anuse unga, huyo anafaa kuzeeka naye.

Ndipo alipoona toroli limejaa.

Alimuuliza, na Ilyas, ambaye hajui kumdanganya Umi machoni, akasema yote. Vitu hivyo vitapakiwa kwenye boti ya mizigo, vitavushwa mpaka Juani kimyakimya, vitafikia kwa mama yake Umi, Bi Biubwa. Siku ya harusi Bi Biubwa atavipanga kwenye sinia la bwana harusi, lile ambalo mama wa bi harusi humtengenezea mkwe wake, na sinia litavuka mpaka Kilindoni, kwa kina Ilyas. Wanawake wa ukoo wa Ilyas watalifunua, watashangaa, watanyamaza. Hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," Umi alikuwa amesema. Na hapo ugomvi ukaanza.

"Umewahi kusikia wapi," aliendelea sasa, "bwana harusi akajinunulia sinia lake mwenyewe? Wapi? Nitajie kijiji kimoja."

"Nakusitiri, mpenzi."

"Umeniona uchi?"

Ilyas akaangalia pembeni. Mama mmoja aliyekuwa anachagua siki aliichagua kwa muda mrefu zaidi.

"Mama yangu kawafunga majogoo wawili tangu siku mlipoleta posa," Umi alisema. "Anawalisha machicha ya nazi kwa mkono wake. Akitoka kwenye shamba lake la mwani, kabla hajanawa chumvi miguuni, anakwenda kwanza kuwatazama. Kawa la kufunikia sinia analisuka mwenyewe, ukindu kaupaka rangi tatu. Sasa wewe unataka nikamwambie, mama, achia majogoo wako, amekuja bata wa barafu?"

"Sijasema majogoo wasichinjwe. Nimesema kuongezea."

"Kuongezea ni neno la mtu aliyeona upungufu."

"Umi." Aliachia toroli. Alijifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kubishana alionekana amechoka badala ya kukasirika. "Unamjua shemeji Sabra."

Umi alimjua. Kila mtu alimjua mke wa Suhail, kaka yake Ilyas. Mwanamke mpole wa Baleni, anayepika vizuri na kuongea kidogo.

"Unajua wanamwitaje nyumbani?"

"Sijui."

"Sinia Jepesi." Alilisema kwa sauti ya chini. "Siku ya harusi yao, sinia lilipoletwa kutoka Baleni, wanawake walilinyanyua kabla hawajalifunua. Mmoja akasema, sinia jepesi hili. Wengine wakacheka. Jina likabaki. Ana watoto wakubwa, Umi, na bado watoto wa shangazi zangu wakimwona wanasema, yule kule Sinia Jepesi anakuja. Anatabasamu. Nimemwona akitabasamu hivyo tangu nikiwa mtoto, na kila mara nilikuwa nasema, mke wangu mimi hataitwa hivyo. Ndiyo maana. Si kwamba nimewaona kwenu maskini. Sitaki utabasamu vile."

Umi alilegeza mkono kwenye toroli. Hasira yake haikuondoka, ila ilihama mahali. Alimtazama mwanamume huyu mrefu, mwenye pua ya babu zake Waarabu wa Kimanga na viganja vya mtu anayeshusha mizigo mwenyewe, amesimama kati ya zeituni na siki kama mshitakiwa, na moyo wake ukamwelekea kwa nguvu mpaka ikabidi auzuie kwa maneno.

"Nani alilisema?" aliuliza.

"Nini?"

"Hilo jina. Wa kwanza kulisema ni nani?"

Ilyas aligeuzageuza kopo moja la pweza.

"Ilyas. Nani?"

"Mama."

Wote wawili waligeuza shingo. Mbali, mwisho wa njia ndefu kati ya rafu, chini ya taa ambazo wenye duka walizivisha makawa kama ni mapambo, ulionekana mguu mmoja uliovaa soksi umetulia juu ya kiti.

"Basi shida haipo Juani," Umi alisema. "Shida ipo pale, imenyoosha mguu. Na wewe badala ya kwenda kuongea nayo umekuja kununua jibini."

"Humjui mama."

"Namjua vizuri. Nilimwamkia mlangoni, akaiitikia pochi yake." Alilivuta toroli kwake. "Sikiliza. Mkate wangu ukiungua nasema umeungua, simpakii mtu siagi juu akala mkaa. Leo utanisitiri kwenye sinia. Kesho nikizaa, mama yangu akavuka na uji wake wa pilipili manga, nao utautafuta wa kopo? Mama akifa, Mungu amweke, utanunua na waombolezaji wenye nguo nzuri? Utanisitiri mpaka lini? Mwisho utazoea. Utakuwa unamtazama mama yangu na kuona kitu cha kufunikwa."

"Siwezi kumwona hivyo."

"Umeshaanza. Ushahidi uko kwenye toroli."

Akageuza gurudumu.

"Unakwenda wapi?"

"Kurudisha. Kimoja kimoja, pale pale kilipotoka. Mimi siachi toroli njiani kama mtu aliyekimbizwa."

Akaenda, na Ilyas, baada ya kusimama kidogo, akamfuata.

Kurudisha kunachukua muda kuliko kuchukua. Waliianza njia yao yote upya, kinyume. Bata mzinga alirudi kwenye friji lake, na Umi akamfunikia wenzake juu kama walivyokuwa. Lozi zikarudi. Kwenye jibini hawakukumbuka lilitoka rafu gani, kwa kuwa majibini yalikuwa mengi na yote yananuka kama soksi za kiangazi, na wakati Umi ananusa moja baada ya jingine kutafuta ndugu wa lile lenye ganda jekundu, Ilyas akashindwa kujizuia, akacheka. Umi hakucheka. Lakini pembe ya mdomo wake ilifanya kazi kubwa kukikataa kile kicheko, na Ilyas aliiona.

"Hili unalijua jina lake?" alimuuliza.

"Najua harufu yake tu. Ni mguu wa mtu wa Ulaya."

"Na nilitaka kulivusha mpaka kwenu."

"Majogoo wangekufa kabla ya kuchinjwa."

Makopo ya pweza aliyarudisha Ilyas mwenyewe. Aliyapanga kwa safu, picha zikitazama mbele, akakaa kidogo mkono ukiwa juu ya kopo la mwisho.

"Mara ya kwanza kula pweza wa mama yako," alisema bila kugeuka, "nilikuwa nimekuja kuchukua mikate, ukasema mikate haijaiva, ukanipa sahani nikae. Wali wa nazi na pweza. Nililamba mkono. Wewe ukanitazama, ukasema, sahani uiache, ni ya kuazima."

"Ilikuwa ya kuazima kweli."

"Nilirudi Kilindoni mikate nimeisahau."

"Najua. Niliiuza kwa mwingine."

Walibaki na zafarani na biskuti. Rafu ya viungo ilikuwa mwisho kabisa, mahali pembamba ambapo watu wawili hawapiti bila kugusana mabega. Ilyas alikishika kile kichupa. Nyuzi zake nyekundu zilikuwa chache ndani ya kioo, nyembamba kama nywele za mtoto.

"Hiki hakikuwa cha sinia," alisema. "Hiki kilikuwa cha chai yako. Asubuhi ya kwanza."

Umi alikitazama kichupa, akamtazama yeye. Mabega yao yalikuwa yamegusana na hakuna aliyesogea. Akasikia moyo wake unapiga kwa fujo, na akajua kwamba kama ataukubali huo moyo sasa hivi, atasema sawa, tufanye unavyotaka, kisha atalia maisha yake yote kwa ajili ya nyuzi chache nyekundu.

Akakichukua kutoka mkononi mwake. Vidole vyao vilikawia kuachana. Akakirudisha juu ya rafu.

"Asubuhi ya kwanza nitakunywa chai ya mchaichai," alisema. "Wa nyuma ya jiko la mama. Ilyas, mimi nakupenda, na hilo sikufichi. Ningekupenda hata ungekuja Juani na kaptula moja. Lakini sinia la mama yangu litatoka kwake kama lilivyo, na litafunuliwa kama lilivyo. Kama wewe huwezi kusimama pembeni yake likifunuliwa, niambie hapa. Posa inarudishwa kama vitu hivi vilivyorudishwa. Nitalia, na nitaoka mikate nikiwa nalia. Niambie."

Ilyas alilishika toroli, akaligeuza.

"Twende kwa mama," alisema.

Bi Sihaba alikuwa amemaliza kahawa na alikuwa anaikosoa kikombe kikiwa kitupu.

"Mmekaa huko kama mnalima," alisema. "Maji ya moto haya wanayaita kahawa. Biskuti zangu?"

"Hizi hapa, mama," alisema Umi, akaziweka mezani. "Na kuna jambo."

"Jambo la dukani?"

"La sinia la bwana harusi."

Bi Sihaba aliushusha mguu wake kutoka kwenye kiti taratibu. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri bado, na mtandio wake haukuwahi kuonekana umepinda. "Sema."

"Sinia litatoka kwa mama yangu, Juani. Kutakuwa na wali, majogoo wawili, pweza wa nazi, mikate ya kumimina na visheti. Basi. Hakutakuwa na kitu cha duka hili wala cha duka jingine. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa."

"Na kwa nini kingekuwepo cha duka hili?"

Umi alizisogeza biskuti karibu na kikombe. Hakumtazama hata Ilyas. Bi Sihaba akamtazama mwanawe, akalitazama toroli tupu, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaelewa.

"Ahaa," alisema. "Bwana harusi alikuwa sokoni." Akafungua pakiti ya biskuti, akaifunga tena. "Binti yangu, mimi sinung'uniki kwa watu, nasema mbele yako. Siku ile dada zangu wote watashuka kutoka Kirongwe. Wana macho. Sinia la kina Ibtisam, mtoto wa kaka yangu, hubebwa na watu wanne, na huyo ndiye niliyemtaka, hilo unalijua. Sinia lako likija jepesi, sitasema ni zito. Na yatakayosemwa siwezi kuyazuia."

"Ya Sabra uliyaanzisha wewe, mama," alisema Ilyas.

Mashine ya kahawa ilikoroma nyuma yao. Bi Sihaba hakuzoea kusikia sauti hiyo kwa mwanawe wa mwisho. Hata Umi hakuizoea.

"Umesemaje?"

"Nimesema kwa adabu, na sirudii. Sinia la Umi halitapimwa na mtu, kwa sababu halitakuja Kilindoni."

"Litakwenda wapi?"

"Litabaki kwao. Mimi ndiye nitakayekwenda. Nitaoa Juani, na fungate nitakaa Juani, siku zote saba, nyumbani kwa mkwe wangu, kama walivyokaa wazee. Anayetaka kuliona sinia langu atavuka."

"Wanaume wa nyumba yetu hawakai fungate ukweni."

"Baba alikaa. Kirongwe, kwenu. Umetuhadithia mara ngapi? Bibi anamletea maji ya kunawa, na wewe umejificha nyuma ya pazia unacheka."

Bi Sihaba akafungua ile pakiti ya biskuti tena. "Kwetu kulikuwa na vyumba."

"Juani kipo kimoja. Kinatosha watu wawili."

"Maneno tu hayo," alisema mama yake. "Ukifika nyumbani utalala, asubuhi utakuwa na akili."

Ilyas akatoa simu. Umi alidhani anatazama saa. Kumbe alikuwa anatafuta jina, na alipolipata akabonyeza, akaweka spika, akailaza simu mezani kati ya kikombe na biskuti. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya mzee Jumanne, baba yake Umi, na nyuma yake kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huko mjini mmefikaje? Goti la mama?"

"Linaendelea, alhamdulillahi. Mzee, naomba jambo, na mama yangu yupo hapa anasikia, na Umi anasikia. Naomba fungate yangu ikae kwenu. Sinia lisivuke. Nije nilile hapo hapo lilipopikwa."

Upande wa pili jogoo aliwika. Umi aligundua amekamata ukingo wa meza. Hakuwa ameombwa ruhusa, na hakuwahi kupenda kutoombwa ruhusa, lakini safari hii aliliacha lipite.

"Nyumba yetu unaijua," mzee alisema mwishowe. "Mlango wake ni mfupi. Mtu mrefu kama wewe haupiti wima."

"Nitainama, mzee."

"Siku zote saba?"

"Na zote zitakazofuata nikija kuwaamkia."

"Basi karibu," alisema mzee Jumanne. Kisha, akiwa amegeuka kutoka kwenye simu, akaita, "Biubwa, njoo. Mkweo anakuja kukaa."

Ilyas aliinua macho, akamtazama Umi. Hayakuwa macho yale ya kwenye unga, ya mtu anayefurahia kutazama. Alikuwa anauliza. Umi akatikisa kichwa mara moja, ndiyo, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu, akayafuta kwa ncha ya mtandio kwa ukali kama anafuta meza.

Kutoka kwenye simu ikaja sauti ya Bi Biubwa, inayopanda na kushuka, inauliza nani anakuja, lini, na kama wamekula.

Bi Sihaba alikuwa anaitazama simu. Alitafuna biskuti moja yote kabla ya kusema.

"Hao kuku," alisema. "Anawalisha nini?"

"Machicha ya nazi, mama," alijibu Umi.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Nyama itanuka nazi. Wiki ya mwisho awape mtama. Hamkufundishwa?"

Umi akaichukua simu, akazima spika, akaivusha meza na kuiweka mbele yake. "Mwambie mwenyewe, mama. Yupo."

Bi Sihaba alimtazama binti huyu wa Juani kwa muda, toka mtandioni mpaka kwenye mikono yenye makovu ya jiko. Akafuta makombo vidoleni. Akaiinua simu.

"Biubwa? Ni mimi, Sihaba. La, mimi sijakubali kitu. Nauliza kuku."